Tundu la Ardhi

Mguu wa kwanza ulitoka bila ubishi.
Niligusa kwa ncha, nikafyatua pampu, ta!
tundu likabaki wazi, pete yake ya shaba iking'aa.
La pili ndilo lililonikalisha.

Bodi ni ya mashine ya kuangulia vifaranga.
Bwana Gichuhi ameileta kutoka Kinoo ndani ya mfuko wa unga.
Mayai mia na arobaini ameyaacha chini ya blanketi
pamoja na chupa za maji moto, na mkewe.
"Leo siku ya kumi na nane," anasema,
kana kwamba mimi ndiye niliyeyataga.

Ghorofa ya tatu, Luthuli. Meza yangu ni nusu ya meza;
nusu nyingine ni ya Mutheu, muuza chaja.
Fundi aliyenitangulia alitumia bisibisi.
Naona mikwaruzo yake, kama kuku aliyeparua shamba la jirani.

Tundu hili limeungwa na ardhi ya bodi,
bapa zima la shaba chini ya rangi ya kijani,
nalo hunywa moto kama mchanga unavyokunywa maji.
Napasha, joto linakimbilia pembeni.
Lehemu inalainika usoni, moyoni bado jiwe.
Nafyatua pampu: linaruka tone moja, sijui limekwenda wapi.

Shuleni tulikariri kwamba haraka haina baraka.
Hapa anayekawia ndiye anayeunguza.
Sekunde chache za ziada, pete inabanduka
kama ukoko kwenye sufuria,
na ikibanduka, hairudi.

Basi nafanya jambo linalomshtua mwenye mali:
nachukua lehemu mpya
nashindilia tundu ambalo tayari limejaa.
"Si ulisema unatoa?"
Dawa ya moto ni moto, namjibu, na siongezi neno,
maana mdomoni nimebana kijiti cha meno.
Lehemu kuukuu ni kaidi;
ikichanganyika na mbichi, inakumbuka kutiririka.

Stima inapotea.
Spika zote za jengo zinanyamaza kwa pamoja.
Simu ya Gichuhi inalia.
"Bado," anasema. "Bado anatoa kitu."

Stima inarudi. Chuma kutoka chini, kijiti kutoka juu.
Nasubiri ule mng'ao,
uso wa lehemu kugeuka kama jicho linalofumbuka.
Sasa.
Mti haushikani na lehemu. Unapita.
Naondoa chuma, nahesabu nne, nazungusha, navuta.

Nainua bodi dirishani.
Ndani ya tundu dogo kuliko punje ya ulezi:
kipande cha anga, waya,
bega la mtu anayepanga redio barabarani.

Kapasita mpya inaingia miguu yote miwili bila kusukumwa.

"Mia sita."
"Kapasita si hamsini?"
"Kapasita ni hamsini."
"Na hizo nyingine?"
Namwonyesha kwa kijiti kilichoungua ncha:
hapo, chini ya mguu. Palikuwa hapapitiki.
Anahesabu noti polepole, simu begani,
akimwambia mkewe abadilishe chupa.

Jioni nalikuta lile tone kwenye pindo la sweta.
Nalikwangua kwa ukucha.
Halitoki.