Daftari la Mfungua Nati

Bustani hufunguliwa kwa utepe,
hufungwa kwa tangazo la karatasi mlangoni.
Mimi huja baadaye, kufungua kilichofungwa:
spana namba thelathini na mbili, grisi, glavu,
na daftari la jalada la bluu
lililoloa mvua ya Hirosawa, likakauka na mawimbi yake.

Naandika jina la mahali, mwaka lilipofunguliwa,
mwaka niliofika.
Kati ya miaka hiyo miwili sina safu.

Kurasa za mwanzo ni za mapaa.
Zamani nchi hii ilipanda paa ili ipae:
ghorofa ya chini poda na manukato, ya tatu kimono,
ya sita mkahawa na wali uliochomekwa kibendera cha karatasi,
halafu ngazi moja zaidi, mlango mzito wa chuma,
na watoto wanamwagika angani kama shanga zilizokatika uzi.
Farasi wa sarafu. Treni ya mabehewa matatu.
Gurudumu dogo ambalo kileleni mtoto aliona nyumba yao
na soksi za baba kwenye kamba.

Babu yangu Tokuji naye alikuwa na spana.
Mwaka chuma kilipoitwa vitani,
kengele za mahekalu, vitasa, sufuria,
alipanda paa la duka la Marumasu akaing'oa pembea ya ndege,
bawa baada ya bawa.
"Ndege za watoto," alisema, "zikaenda kuwa ndege."
Akamimina chai. Hakuongeza neno.

Na mimi, kabla sijawa mfunguaji, nilikuwa mfungaji.
Nilikaza reli za kigari cha mteremko kule kaskazini,
kwenye mji wa makaa ya mawe, mgodi ulipokwisha kufa
na meya akaapa kwamba watu watakuja
kulipia mayowe
pale ambapo wengine walipiga mayowe bure.
Walikuja. Mabasi matatu ya Jumapili, mawili, moja,
kisha basi lililombeba dereva peke yake,
akanunua juisi, akageuza.
Theluji ilikaa kwenye viti, imejifunga mikanda.
Nilirudi nikafungua nati zangu mwenyewe;
mbili nilizitambua kwa mkwaruzo.
Hakuna refu lisilo na ncha, na mimi hulipwa kwenye ncha.

(Ukurasa wa kumi na tisa: mamba wa plastiki, mita sita.
Hakuna aliyemtaka. Yuko uani kwangu. Paka wamezaliana tumboni mwake.)

Mwezi wa Novemba, Marumasu tena. Paa la mwisho.
Umeme umekatwa. Pale kibandani amekaa Bi Shigeno,
mkata tiketi tangu mwaka wa sabini na moja,
koti la duka, vifungo vyote.
"Sarafu mbili," akasema.
Nikamwambia nimekuja kubomoa.
"Mbomoaji naye hupanda kwa tiketi."

Nikalipa. Akaitoboa. Akanifungia kamlango,
akashika ule mkono wa chuma wa siku za dharura
akaanza kuzungusha, mama wa miaka sabini na minne,
akihema, akikataa msaada kwa nyusi.
Kileleni akasimamisha
ili anywe chai yake.

Nikaning'inia.
Nyumba yetu ya zamani imezibwa na hoteli.
Chini ya kiti vidole vyangu vilikuta bazoka
gumu kama jino, la mtoto ambaye leo ana mvi.
Upepo ukasukuma kijumba, nati zikalia,
na kwa mara ya kwanza nilizisikia kutoka ndani,
mikono mitupu, spana iko chini
kama kitu cha mtu mwingine.

"Umeona nini?" aliniuliza niliposhuka.
Nikasema: hoteli.
Akacheka mpaka akashika ukuta.

Ukurasa wa Hirosawa: gurudumu moja, vijumba vinane,
tani nne na ushei.
Safu ya katikati bado sina.
Tiketi nimeibandika hapo, na gundi ikazidi;
tangu hapo daftari halifungiki vizuri.