Taa ya Tano Kutoka Kushoto

Baridi ya Julai imekaa Barabara ya Lusaka kama mdai.
Laini imesimama. Vichwa kumi na kimoja vya malori
vinaning'inia bila milango, vinanisubiri mimi.

"Mumbua, piga daraja tu," nyapara anasema,
"hicho kitambuzi kimekufa."
Daraja: kipande cha waya, urefu wa kidole cha mtoto,
cha kuiambia roboti: hakuna mtu, chomelea.

Nafungua kabati. Relei zimetulia safu kwa safu,
taa moja tu nyekundu, ya tano kutoka kushoto,
haipepesi.
Nimewahi kuitukana. Wiki jana ilikuwa vumbi,
juzi utando wa buibui.
Waya nimeushika tayari.

Sijui kwa nini nautia mfukoni.
Nachukua tochi, nazunguka nyuma ya uzio,
na Makokha yuko pale, zamu mbili mfululizo,
amejikunja kando ya transfoma
palipo na joto.

Simwamshi kwanza. Namsikiliza akikoroma.
"Umepata hitilafu?" nyapara anaita.

Kitambuzi ni kizima, namjibu,
halafu sauti inanikauka,
na ule waya unanichoma paja
kama umeunganishwa.