Fito za Mwaka wa Pili

Vidoje, Agosti inafunga virago.
Ndoo ya mwisho ya rasiberi nimeipima mwenyewe:
kilo mbili na robo, na nyigu watatu ndani.

Kinachobaki ni kazi yako, nawe haupo.
Mkasi wa kupogolea nimeukuta msumarini
ungali na grisi uliyoupaka.
Kutunza chuma ulijua. Kuaga hukujua.

Krstina ameingia kwa mlango wa uani,
Krstina uliyemnunia miaka saba
kwa ajili ya beri nyeusi,
lile tawi lako lililovuka ua,
likainamisha ncha hadi udongoni,
likazama, likatia mizizi katikati ya vitunguu vyake
kama mpangaji asiye na mkataba.
(Sasa ni kichaka. Anakipikia jemu. Hajawahi kukiri kilikotoka.)

"Usikate kwa huruma," ananiambia, "kata kwa macho.
Ufito uliozaa una gome la kijivu,
linabanduka kama pua iliyoungua jua.
Ukwangue kwa ukucha: hamna kijani.
Huo ukate chini, sawasawa na ardhi;
ukiacha kisiki, hata cha kidole,
umewajengea wadudu nyumba.
Zile changa ziache, sita kwa kila mita,
zifunge kwenye waya, usizikabe."

Mwaka wa kwanza ufito hurefuka.
Wa pili huzaa.
Wa tatu hauna.
Nikaitikia ndiyo, ndiyo, kama mtoto wa darasa la kwanza,
nikaanzia kona ya kisima.

Na pale, Vidoje, shati lako la buluu.
Lile nililolisaka majira yote ya baridi,
nikamsingizia dada yako Persida kuwa kaondoka nalo.
Limechanwa tepe tepe,
kila ufito na kipande chake,
kila kipande na fundo lako,
lile la kuzungusha mara mbili.
Ulizifunga Oktoba.
Tulikuzika Novemba.

Kumbe hizi kavu ndizo zilizokuona.
Hizi za kijani, zinazonikwaruza kiunoni,
zimechipua Aprili.
Ungepita hapa, zisingegeuza jani.

Nikaipindua ndoo, nikaikalia.
Krstina akajitia kutafuta konokono.
Alitafuta muda mrefu.
Kisha: "Ukungu hausubiri, Radmila.
Ukiziacha, utahamia kwenye changa."

Nikakata. Lakini mafundo sikuyakata,
niliyafungua, moja moja, kwa meno nilipozidiwa,
na kwa tepe zilezile nikazifunga zile mpya.
Giza likatukuta mstari wa pili.

Mmoja nimeuacha, karibu na kisima.
Haufai kitu. Krstina aliuona,
akaukwangua kwa ukucha,
akakung'uta glavu, akanyamaza.

Kesho ameniita kwake, niende na mkasi.
Ile beri nyeusi, amesema, imezidi.
"Ile yenu," amesema.