Ufunguo wa Mkwe

Funguo tatu shingoni mwangu, kwa kamba ya kiatu:
wa mlango, wa kabati la patasi,
na ule mdogo, wa swichi ya msumeno wa meza
tunaouita Mkwe, kwa kuwa hataniwi.

Kinyanambo, Jumamosi, Juni.
Ukungu wa Mafinga umeingia karakana kabla yetu,
umekaa juu ya benchi kama mwanachama aliyelipa ada.
Naandika tarehe. Kalamu inagoma kwa baridi,
naipumulia.

Daftari lina safu nne: jina, chombo,
nani kakufundisha, nani kakuona ukifanya.
Safu ya nne ndiyo inayoniletea maadui.
Mtu husema, "Mimi nimezaliwa kwenye mbao,
baba alipasua misonobari hujaota hata ndevu."
Namwambia sawa, leo pasua, sisi tukuangalie.
"Kuangaliwa kama mwali?"
Kama mwali.

Mwenyekiti Ngailo alikuja na mtoto wa dada yake,
kijana wa sweta lenye mikono mirefu,
na oda ya madawati thelathini.
"Mfungulie tu. Kwani mashine nani aliileta?"
Uliileta wewe, mwenyekiti, kwa fuso, mvua ikinyesha,
tukaisukuma sote, tope hadi magotini.
Nikafungua daftari ukurasa wa Machi,
penye doa la rangi ya kutu.
Sikusema doa ni la nani.
Alikuwapo. Ndiye aliyeokota kidole cha Mhema
akakifunga kwenye leso yake ya kanisani.

Mhema bado huja. Ndiye anayefundisha Mkwe,
na somo la kwanza ni kupeana mkono.

Kijana alipeana. Akautazama mkono wake mwenyewe,
akakunja sweta hadi viwikoni, akachukua ufagio.
Huko ndiko tunakoanzia wote:
anayejua maranda yanarukia wapi
atajua na yeye asisimame wapi.

Nilikuwa nimeanza kujiona mlango.

Ndipo ikaja mashine ya kukerezea,
mtumba, kutoka seminari iliyofunga ufundi wake,
na aliyeijua kati yetu alikuwa mmoja:
Twilumba, binti wa muuza viazi pale stendi,
aliyesomea Njombe akarudi na cheti na kikohozi cha vumbi.
Nikavaa miwani. Nikashika patasi ndefu
kama mtu anayemshika jamaa yake mkono.
"Hizo," akasema.
Zipi?
"Funguo. Kamba ikidakwa, kichwa kinaifuata."

Miaka minne nimewavua watu mitandio,
rozari, tai ya bwana harusi aliyepitia kuchukua kabati,
nami kifuani nacheza ngoma ya chuma, njuga kwa njuga,
hakuna aliyethubutu kuniambia,
maana funguo zenyewe ninazo mimi.

Nikazivua. Shingo ikaona baridi.
Nikamwekea kiganjani, meza ilijaa mbao.

Mguu wa kigoda ulitoka kama kiazi kilichokutana na fuko.
Alizima mashine. Akangoja mti uzunguke
mpaka usimame wenyewe;
mkono wangu ulikuwa umeshaanza kuufuata,
akaukohoa tu, ukarudi.
Hakunigombeza. Aliandika.
Jina: langu, herufi kubwa.
Chombo: kereza.
Nani kakufundisha: Twilumba.
Safu ya nne akaiacha wazi.
"Jumamosi ijayo."

Nje milingoti ilikuwa ikidondosha maji ya ukungu juu ya bati,
moja, kimya, mbili tatu.
Nikamuuliza leo nani atafunga mlango.
Akazitikisa kidogo, zikalia mkononi mwake
kwa sauti nisiyoizoea.
"Mimi. Wewe shika ufagio."