Kitufe cha Kujikinga

Mimi ni fundi wa pedi. Za gemu, msicheke.
Luthuli, ghorofa ya pili, meza ya tatu toka ngazini,
kati ya muuza spika na binti wa kadi za simu.
Bisibisi, pamba, spiriti, gundi.
Kucheza kwenyewe sijui, hunishinda mtoto wa darasa la nne,
lakini nipe pedi yako nikwambie wewe ni nani.

Huyu, kitufe cha ngumi kimelika kama sabuni ya bweni:
ana pupa, hupiga kabla ya kuamkiwa.
Yule, kijiti cha kushoto kinacheza kama jino la mtoto:
mkimbiaji, huzunguka ulingo kama anayedaiwa.
Na aliyeniletea pedi yenye alama ya kisigino
hakuhitaji fundi.

Nyingi hutoka Kariobangi, kwa Wafubwa,
mabati, runinga nne, shilingi kumi mchezo,
mashujaa wa katuni za Kijapani wakitwangana tangu asubuhi,
macho kama visahani, panga refu kuliko mwenyewe.
Wakikasirika nywele hubadilika rangi,
milima hupasuka, na adui
(hapa ndipo huacha kazi nikatazama)
adui husubiri.
Humwacha mwenzake alie, amkumbuke mwalimu wake marehemu,
ageuke anachotaka kugeuka,
alitaje pigo kwa jina, jina refu, silabi kwa silabi,
ndipo alipige.

Nairobi hailitaji pigo.
Mwenye nyumba hutia kufuli jipya ukiwa kazini.
Askari wa kaunti hawakunisubiri nigeuke chochote
siku ile Nyamakima, mimi na redio zangu kumi na mbili.
Nilirudi nyumbani na antena moja.

Julai, baridi ya kuuma masikio,
Wafubwa akaniwekea pedi mezani.
Vitufe vyote vizima, vinang'aa, kama vya dukani,
ila kimoja cha begani, kulia, cha kujikinga:
kimekwisha. Springi inachungulia.
Miaka tisa ya kazi, sijaona.
“Ya nani?”
“Syombua. Yule wa mayai na kachumbari, pale stejini.”
“Hapigi?”
“Nenda ukamwone.”

Nikaenda Jumapili.
Alikuwa na Oduori, kijana wa kelele,
anayepaza majina ya mapigo pamoja na runinga
kwa Kijapani asichokielewa, kilichonyooka kuliko Kiswahili chake cha mtihani.
Radi ikashuka. Syombua akakinga.
Joka la moto. Akakinga.
Uhai wake ukapungua, ukapungua,
ukabaki uzi mwekundu wa kushonea kifungo.
Vidole vyake vilinuka kitunguu, havikutetemeka.
Oduori alipotweta, akatua pedi gotini ajifute jasho,
binti akanyoosha dole gumba,
teke moja, lisilo na jina,
kisha akaendelea kukinga.
Raundi ile ilinimalizia chai mbili.
Mwishowe alishinda, au Oduori alichoka; sikuona tofauti.

Nikamuuliza nani alimfundisha subira hiyo.
“Subira gani?” akasema.
“Nina kumi moja tu kwa siku.
Ukipiga, inaisha haraka.”

Nilimwekea kitufe kutoka pedi iliyokufa, springi ngumu,
nikamwambia Wafubwa hii hainidai, nilijaribia gundi tu.
Alinitazama vibaya. Anajua bei zangu.

Kile cha zamani kimo mfukoni mwangu, pamoja na funguo.
Tarehe tano mwenye nyumba akipiga simu,
kabla sijasema halo
nakibonyeza.
Hakijaungwa na waya wowote.
Nakishikilia hivyo hivyo mpaka amalize kusema.