Tathmini ya Bure

Alhamisi tunapima bila malipo.
Foleni inafika nje, Sheffield inanyesha,
kila mtu na urithi wake ndani ya mfuko wa dukani,
kila mtu anaapa ni fedha tupu.

Sibishani. Nageuza chombo kichwa chini.
Simba mdogo anayetembea ndiye shahidi;
asipokuwepo nasoma herufi,
E na P na N na S,
kila moja ndani ya ngao yake,
kama wapangaji waliovaa suti ya mwenye nyumba.

Bi Nesta Staniforth, miaka themanini na saba,
aliweka buli mezani, akavua glavu.
"Sema."

Nikasema. Nikeli, imechovywa fedha.
Mpini ni mpingo, kwa hiyo usilizamishe majini;
vijiko ndivyo vya kulaza kwenye beseni
lenye foili, magadi na maji ya moto.
Hili lipake chokaa laini kwa pamba, taratibu,
maana kila msuguo huondoka na kitu.
Tazama hapa begani, utando umekwisha:
si wekundu wa shaba, ni umanjano uliopauka,
meno ya mvuta kiko.
Pauni kumi na mbili.
Kumi na tano, akitokea mtu mwenye huruma.

Hakununa. Alifungua kifuniko.
"Pitisha ukucha hapo ndani."

Mkwaruzo. Mfupi kama ukope.

"Mwaka hamsini na tatu, kiwandani kwa Oxley.
Nilikuwa msugua vyombo, miaka kumi na sita,
magazeti tumejifunga mapajani, leso nyekundu kichwani,
na masizi ya mchanga na mafuta hadi ndani ya masikio.
Gurudumu lilinishinda nguvu. Mara moja tu.
Oxley akaliweka buli kando, akafungua daftari.
Wiki tisa nilikatwa mshahara.
Wiki tisa nyumbani ni mkate na mafuta ya nyama,
mdogo wangu akilamba kisu.
Alinikata bei ya fedha, kijana.
Fedha tupu, iliandikwa hivyo."

Nilifungua kitabu cha alama,
nikapekua kurasa ambazo sikuzihitaji.
Nikasema pole, bila kujua naomba radhi kwa niaba ya nani.

"Sikuja kuuza. Jumanne nimemzika mume wangu.
Miaka sitini na mmoja ananiambia
huenda ni fedha kweli, Nesta, huenda hakukuibia.
Oxley alikuwa mjomba wake.
Damu nzito, najua.
Kulipima hakutaka, nami sikutaka kumwaibisha."

Na hapa begani, nikauliza, palipolika?

"Kila Jumapili baada ya chakula.
Nilikuwa nalisugua mbele yake."

Akasukuma kalamu yangu kuelekea kwangu.
"Iandike hiyo bei. Kwa wino."

Nikaandika: nikeli, mchovyo wa fedha, pauni kumi na mbili.
Nikaweka sahihi, nikagonga muhuri.
Aliikunja karatasi mara nne,
akaitia ndani ya buli, akafunika,
akalivingirisha gazeti la jana
kwa mikono iliyokuwa bado inaijua kazi hiyo.

Aliyefuata alikuwa na bakuli la sukari.
"Hili," akasema, "ni fedha tupu."
Nikaligeuza.
Macho yalikwenda kwenye alama,
lakini ukucha ulikuwa umeshatangulia,
unapapasa ndani.