Swali la Nane

Desemba ishirini na tisa, Tabora.
Mvua imekata umeme tangu saa nane
na leseni yangu imebakiwa na siku mbili.
Nimeegemeza simu kwenye kopo la asali lililokwisha,
chaji asilimia kumi na tisa,
najaza fomu ya kuhuisha.

Jina: Kalunde Sizya.
Kazi: afisa mikopo, nyumba za makazi.
Namba ya leseni naijua kwa moyo
kuliko siku ya kuzaliwa kwa mdogo wangu.

Masomo endelevu: saa kumi na mbili. Ninazo.
Nne nilizisomea kwenye treni ya Mpanda,
sheria ya rehani ikiruka mistari
kila behewa lilipokohoa.
Tano ni za ukumbini Ipuli, chini ya feni mbovu,
mkufunzi akitaja "mteja" mara arobaini
bila kumtaja mtu.
Tatu za mwisho, maadili, nilizimaliza jana usiku.
Maswali ishirini, nikapata kumi na tisa.
Nililokosa lilikuwa la hesabu.

Ada imelipwa. Picha ni mpya, kola imenyooshwa.

Swali la nane.
*Je, katika mwaka huu kuna malalamiko yoyote
yaliyowasilishwa dhidi yako?*
Vijisanduku viwili.

Hakuna. Nimepekua faili,
Lusangija naye amepekua, akagonga muhuri.
Mwalimu Nyamizi hakuandika barua.
Asubuhi ya mnada alikunja mapazia yake, moja moja,
kama mtu anayehama kwa hiari,
akanipa funguo tatu ndani ya bahasha ya shule.
"Huu wa mlango wa nyuma," akasema,
"uuinue kidogo kabla hujazungusha."

Basi.

Nyumba yenyewe iko Isevya, vyumba vitatu, bati la kijani.
Mimi ndiye niliyesema: chukua miaka kumi, mwalimu,
uongeze na baraza.
Mshahara wake niliupima. Wa mumewe pia,
mpima tumbaku, mcheshi, mikono inanuka ghala.
Alipanda ngazi zetu kumi na nne
akasimama juu akishika ukuta, akicheka,
na mimi, nikiwa na mwezi wa kufunga
na lengo halijatimia,
kwenye *hali ya afya* nikaandika: njema.
Sikuuliza. Kalamu ilikuwa inakimbia.
Alipozikwa, kampuni ya bima ikaja kunithibitishia
kwamba njema haikuwa njema.

Dawa ya deni kulipa, tunasema.
Hatusemi nani aliyepima dozi.

Jumamosi humkuta sokoni. Msimu huu anauza uyoga.
Hunipimia kopo likajaa, likafurika,
kisha huchota konzi nyingine akaitupia mfukoni mwangu.
"Nyongeza, afisa."
Sijui kama ni msamaha au ni hati ya mashtaka.
Nikifika nyumbani naosha ule mchanga maji matatu,
na bado unalia kwenye meno.

Asilimia kumi na moja.
Naweka alama: Hapana.
Si uongo. Swali limeuliza lililowasilishwa,
na nyongeza ya uyoga haina mhuri wa kupokelewa.

Chini kabisa kuna nafasi ndogo:
*maelezo ya ziada, si lazima.*
Miaka yote nimeiruka.
Leo naandika, kidole kinateleza kwa jasho:
*Miaka minne iliyopita niliandika "njema"
kwa mtu aliyekuwa ameshika ukuta.*
Naisoma. Nafuta. Naandika tena ile ile,
na jina la Nyamizi naliacha nje,
maana hakuniruhusu kulitumia.

Simu inauliza kama nina uhakika.
Mvua imepungua; mtu anagonga chini.
Ni Feruzi, fundi wa reli, tuliahidiana jana,
ana ramani ya nyumba ndani ya mfuko wa nailoni.
Namsikia akianza ngazi.
Bado sijabonyeza. Nahesabu hatua zake,
nasikiliza anapumzika ya ngapi.